Mlango wa Shule ya Meno Hufungwa Mapema

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, wazazi wengi wa mji wa Mbeya, wakiwamo wa Soweto, Mwanjelwa na Uyole, huanza kuulizana habari za vyuo. Huyu ataka mwanawe awe mhandisi; yule ataka binti yake awe daktari wa meno. Ndipo huambiwa neno zito kwa sauti nyepesi: "Masomo yake hayamruhusu." Mzazi hurudi nyumbani akidhani kwamba mtoto ameshindwa mtihani. Hakushindwa. Pengine amefaulu vizuri kuliko wenzake wote wa mtaa. Ila mlango aliotaka kuuingia ulikwisha fungwa zaidi ya miaka minne nyuma, siku ambayo hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua kwamba upo mlango unaofungwa.

Twaandika leo juu ya mlango huo. Tumechukua udaktari wa meno kuwa mfano kwa sababu ni kazi ambayo watu wetu wanaihitaji sana na watoto wa wafanyakazi wanaifikia kwa nadra, na pia kwa sababu masharti yake ni wazi kabisa, hayana fumbo. Jambo tunalotaka lijulikane katika kila nyumba ya mfanyakazi, kuanzia wapakuzi wa viazi na ndizi katika soko la Soweto hadi wachuma chai wa Rungwe na Mufindi, ni hili: masomo ya kuingilia shule ya meno hayachaguliwi mtu akiwa mlangoni pa chuo. Huchaguliwa na mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, aghalabu peke yake, aghalabu kwa siku moja.

Masharti yenyewe ni haya. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979, wakati bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchukua wanafunzi wa shahada hiyo kwa masomo matatu ya Kidato cha Sita: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Masomo yote matatu lazima yawe na ufaulu kamili, si ule ufaulu mdogo wa chini. Pointi zinazotakiwa huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, na yafaa mzazi autazame ule wa mwaka unaohusika, asitegemee maneno ya jirani. Masomo ni miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Mtu asiye na Fizikia, hata akiwa na alama A katika Kemia na A katika Baiolojia, jina lake halifiki mezani.

Sasa tumtazame binti mmoja. Hatumtaji jina kwa kuwa si mtu mmoja; wako wengi kama yeye. Mama yake huuza viazi sokoni, baba yake ni fundi wa magari. Anapenda Baiolojia. Tangu akiwa darasa la saba amekuwa akisema atakuwa daktari wa meno, kwa sababu alimwona bibi yake akilala wiki nzima na taya lililovimba. Amefika Kidato cha Tatu, akaambiwa kwamba Fizikia ni ngumu na wasichana wengi huiacha. Akaiacha. Kemia na Baiolojia akabaki nazo, na Jiografia anaipenda. Kidato cha Nne akafaulu, akapangiwa Kidato cha Tano katika tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Nyumbani ikawa furaha, mbuzi akachinjwa. Ni nani pale karamuni angeweza kumwambia kwamba kati ya herufi P na herufi G imepita safari yote ya udaktari wa meno? Wote walisikia "sayansi", wakatosheka.

Hatuidharau tahasusi hiyo. Kwa njia yake watu wamekuwa walimu, mabwana shamba na wataalamu wa mazingira, na nchi yawahitaji wote hao. Kosa ni mtoto kuipanda gari ya Tunduma akiamini inakwenda Dar es Salaam.

Yatupasa kueleza pia kwa nini vyuo vyashika Fizikia kwa nguvu namna hii, maana mzazi asiyeelezwa sababu huona kwamba ni ukaidi wa wasomi tu. Mtu atauliza: jino na Fizikia wapi na wapi? Basi na atazame kazi yenyewe. Daktari ang'oaye jino havuti kama mtu ang'oaye muhogo. Hutumia vyombo vilivyo wenzo na kabari, akalilegeza jino katika tundu lake kwa nguvu iliyopimwa pembe na mahali. Akikosea kipimo, mzizi hukatikia ndani au taya huvunjika. Picha ya eksirei, ambayo mionzi yake iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ni Fizikia tupu, na asiyeifahamu ataweza kumdhuru mgonjwa na kujidhuru mwenyewe. Kisha ije Kemia. Jino huoza kwa sababu vijidudu vya kinywani hula sukari tuliyokula sisi, vikatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la jino. Floraidi kwa kiasi huliimarisha gamba hilo. Ikizidi katika maji ya kunywa, kama ilivyo sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, meno ya watoto huota yakiwa na rangi ya kahawia. Baiolojia haihitaji kutetewa: mishipa ya fahamu ya uso mzima hupita humo humo ambamo sindano ya ganzi yachomwa. Masomo hayo matatu ni kama mafiga. Ukiondoa moja, chungu kitapinduka.

Jambo jingine limeingia siku hizi ambalo sisi tuliosoma shule za misheni hatukulijua, kwani zamani zile padre mkuu wa shule ndiye aliyekupangia kila kitu na hukuulizwa. Leo kijana ana simu. Akitafuta habari za kuwa daktari wa meno, husoma mashauri yaliyoandikwa kwa vijana wa Marekani, naye huyachukua kama yalivyo. Huko Marekani, kijana humaliza sekondari kwanza, akaenda chuoni miaka minne, na humo chuoni ndimo achaguamo masomo ya kuingilia shule ya meno: Baiolojia, Kemia ya jumla, Kemia ya kaboni, Fizikia, pamoja na saa za maabara. Aweza hata kusomea Historia kuwa somo lake kuu, mradi masomo yale ayapitie, kisha afanye mtihani maalumu wa kuingilia shule za meno. Uamuzi wake huja akiwa na miaka kumi na minane, au ishirini, na akikosea aweza kuongeza muhula mmoja. Huko Uingereza nako vyuo vingi hudai Kemia na Baiolojia, na Fizikia si lazima kwa wote. Kijana wetu akiyasoma hayo hupumua: "Kumbe nitachagua baadaye." Hapa kwetu hapana baadaye ya namna hiyo. Aliyeacha Fizikia hapa, akitaka kurudi, hana budi kujisajili kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, kujitafutia maabara ya kufanyia majaribio, na kulipia yote kutoka mfukoni. Wako waliofanya hivyo wakafaulu, nasi twawapa heshima. Lakini njia hiyo yahitaji fedha na muda, na vitu hivyo viwili ndivyo mtoto wa mfanyakazi asivyo navyo.

Mtu atasema kwamba ipo njia ya pili. Ni kweli ipo, nayo ni njia njema ambayo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanapaswa kuijua zaidi, kwa kuwa Mbeya yenyewe ni moja ya miji yenye mafunzo ya matabibu wa kinywa na meno. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne huweza kusomea stashahada ya utabibu wa meno kwa miaka mitatu, akatoka akiwa mtu wa kazi, anayeng'oa, anayeziba na kufundisha usafi wa kinywa katika vituo vya afya na hospitali za wilaya. Akifanya kazi kwa bidii, na stashahada yake ikiwa ya wastani wa B au GPA ya 3.0, aweza kuomba shahada ya udaktari wa meno. Ni ngazi ya heshima, na inamfaa sana mtoto ambaye nyumbani wanamsubiri aanze kuchangia chakula.

Lakini tazama ngazi hiyo imesimama juu ya nini. Stashahada hiyo hudai ufaulu wa Kidato cha Nne katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Na siku tabibu huyo atakapotaka kupanda kwenda shahada, mwongozo wa Tume umekuwa ukirudi nyuma kukitazama cheti chake cha Kidato cha Nne: una D katika Hisabati? Kemia? Baiolojia? Fizikia? Kiingereza? Mtu mwenye kazi yake na watoto wake huulizwa habari ya uamuzi alioufanya akiwa amevaa kaptula ya shule. Kwa hiyo njia zote mbili, ya juu na ya chini, zapita katika daraja moja.

Kwa mtaala uliotumika tangu mwaka 2005, daraja hilo lilikuwa mwisho wa Kidato cha Pili. Baiolojia ilikuwa lazima kwa wote hadi Kidato cha Nne, lakini Fizikia na Kemia ziliweza kuachwa kuanzia Kidato cha Tatu. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kuingia mwaka 2024, umegawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na hivyo umeusogeza uchaguzi nyuma zaidi, hadi Kidato cha Kwanza. Tahasusi za Kidato cha Tano nazo zimeongezwa hadi 65. Twalikubali ongezeko hilo. Lina faida zake. Ila mzazi aliyekuwa akichanganyikiwa na herufi za tahasusi kumi na kadhaa, leo amewekewa sitini na tano. Wingi wa milango haumsaidii mtu ambaye hajaambiwa kila mmoja unatokea wapi.

Hapa twataka kusema neno na walimu wetu, kwa upendo lakini bila kuficha. Yako mazoea katika baadhi ya shule ya kuwashawishi wanafunzi wa wastani waache Fizikia ili wastani wa shule usishuke. Mtoto aliyepata D ya Fizikia huhesabiwa kuwa doa katika orodha, kumbe D hiyo hiyo ndiyo ingemfungulia chuo cha matabibu. Shule huonekana imependeza, na mtoto huondoka akiwa amefungiwa njia asizozijua. Mwalimu anayefanya hivyo haibi fedha ya mtu, lakini kuna kitu amechukua.

Wako pia walimu ambao si wao wa kulaumiwa, kwa kuwa hawapo. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kwamba shule zote za sekondari za kata zijengewe maabara za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wananchi wakachangishwa, wengi wenu mnaosoma safu hii mlitoa fedha, tofali au nguvu. Kuta zilisimama. Ni haki ya aliyetoa tofali kuuliza leo: ndani ya kuta zile kuna mwalimu wa Fizikia? Kuna mizani, betri, lenzi na kemikali? Au ni stoo ya madawati mabovu? Katika mkutano wa wazazi watu huzungumza sana habari ya chakula cha mchana na sare, nayo ni mambo ya lazima, lakini ni nadra kusikia baba akisimama kuuliza idadi ya walimu wa sayansi. Na aulize. Diwani naye aulizwe, na tawi liweke swali hilo katika ajenda zake.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Watu watasema kwamba twataka kuwabebesha watoto wote Fizikia, waanguke kwa makundi, kwa ndoto ya udaktari ambayo nafasi zake ni chache. Sivyo. Mtoto ambaye moyo wake uko katika historia, au mikono yake iko katika useremala, na aachwe aende huko. Nchi haijengwi kwa koleo la meno peke yake. Tunachokataa ni mtoto kuliacha somo bila kujua anaacha nini. Akiambiwa waziwazi, "Ukiiacha Fizikia umeuacha udaktari wa binadamu, wa meno, na uhandisi," kisha akaiacha, huo ni uamuzi na twauheshimu. Akiiacha kwa kuwa rafiki yake ameiacha, hapo hapana uamuzi wowote.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wenye tamaa ya vyeo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Kwetu sisi mgonjwa wa jino huja hospitalini akiwa amechelewa, amekwisha tumia karafuu, chumvi, na vidonge vya dukani; jino ambalo lingezibwa huwa halina la kufanywa ila kung'olewa. Na watoto wachanga je? Ungali upo katika sehemu za nchi yetu ule uzushi wa "meno ya plastiki": mtoto akipata homa na kuhara, mtu hufungua ufizi wake kwa kisu au sindano na kutoa kichipukizi cha jino, akasema hicho ndicho kilichokuwa kikimuua. Watoto wamepata vidonda, wameharibikiwa meno ya ukubwani, na wengine wamekufa, wakati walihitaji maji ya chumvi na sukari na matibabu ya homa. Uzushi huo hauwezi kuondolewa na bango la barabarani. Huondolewa na tabibu aliye jirani, ambaye mama anamjua kwa jina, anayezungumza naye Kinyakyusa au Kihehe akamwonyesha kwamba kile cheupe kilichotolewa kilikuwa jino la kawaida ambalo halijakomaa.

Na tusisahau kwamba nchi hii imekwisha ifundisha dunia jambo katika kazi hii. Katikati ya miaka ya 1980, watu wa shule ya meno ya Dar es Salaam walianzisha namna ya kuziba jino kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine na bila umeme: sehemu iliyooza hukwanguliwa, kisha tundu likajazwa dawa inayoshikamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa, na leo inatumika katika nchi nyingi. Ilizaliwa kwa sababu palikuwa na wagonjwa katika vijiji visivyo na nguzo ya umeme, na palikuwa na watu waliosoma wakayaona mahitaji hayo kwa macho yao. Mtoto wa Makete au wa Kilolo ayaona mahitaji hayo tangu kuzaliwa kwake.

Kuhusu gharama, ambazo ndizo huwa kisingizio cha mwisho, mambo yamebadilika kuliko wengi wajuavyo. Ada ya sekondari ya chini katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na ya Kidato cha Tano na cha Sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mwaka huo huo ulianzishwa ufadhili unaoitwa Samia Scholarship kwa wanaofaulu sana sayansi katika Kidato cha Sita. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka 2023/24 kutoa mikopo pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, za afya zikiwamo. Hatusemi kwamba fedha zinamtosha kila mtu. Tunasema kwamba mtoto aliyeacha Fizikia hazimfikii hata kama zipo.

Basi lifanyike nini, na lini? Baada ya matokeo ya Kidato cha Nne, serikali hufungua kwa muda nafasi ya wanafunzi kubadilisha tahasusi walizozijaza. Muda huo ni mfupi, na nyumba nyingi hupitiwa nao bila kujua. Mzazi akae na mwanawe, waufungue ule mwongozo wa Tume, wasome masharti ya kazi anayoitaka, neno kwa neno, na kama ni udaktari wa meno wahakikishe kwamba herufi tatu zilizoandikwa ni PCB. Asiyejua kusoma Kiingereza cha mwongozo amwendee mwalimu au katibu wa tawi, hakuna aibu. Na wakuu wa shule za Mbeya na Iringa twawaomba jambo jepesi: kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kuacha Fizikia au Kemia, mzazi wake aitwe, aelezwe kwa Kiswahili ni kazi gani zinaachwa pamoja na somo hilo, kisha atie sahihi yake au dole gumba. Karatasi moja kwa kila mtoto yatosha, na kazi hiyo yaweza kuanza muhula huu.